Kirungu cha gia kinacholegea kwenye Toyota ya zamani: namna ya kukikaza kikakaa

Kirungu cha gia hakilegei siku moja. Kwanza ile ramani ya gia iliyochorwa juu yake inaanza kukaa upande. Unainyoosha kwa kiganja, kesho imerudi upande. Baada ya muda unasikia kinagonga ukipita barabara ya vumbi, na mwisho kinabaki mkononi. Kikikutokea mlima Kitonga, nyuma ya lori, ukiwa unapangua kutoka gia ya nne kwenda ya tatu, kilichobaki kushika ni ncha ya chuma yenye nyuzi, nene kama kidole kidogo.

Madereva wengi hufunga kipande cha mfuko wa rambo au karatasi kwenye fimbo, kisha wanakizungushia kirungu juu yake. Kinakaza siku hiyo hiyo. Lakini rambo hubonyea na karatasi husagika, na gari ikishinda juani plastiki ya kirungu hupanuka kuliko chuma cha fimbo, nafasi ikarudi ile ile. Wengine wanamaliza kwa supa gluu. Huo ni usumbufu wa kesho: konsoli ya katikati na raba ya gia kwenye gari nyingi hazitoki mpaka kirungu kitoke kwanza. Kazi nzuri ni ile inayokishika kirungu kisitikisike, halafu siku ya kukifungua kikafunguka.

Maelezo haya ni ya Toyota za manyuali za miaka ya 1980 na 1990: Corolla, Hilux, Hiace na Land Cruiser za safu ya 70. Kirungu chake kina tundu lenye nyuzi na kinafungwa kwenye fimbo ya gia kama nati. Gari za otomatiki weka kando, vichwa vyake vina kitufe na mara nyingine nyaya.

Kwanza hakikisha ugonjwa ni wa kirungu

Zima injini, vuta hendibreki, zuia tairi kwa jiwe, kisha tia gia ya pili. Gia ya pili inaileta fimbo nyuma, karibu nawe, na inaituliza. Ukiiacha fri itakuwa inayumba kila ukigusa.

Bana fimbo kwa mkono mmoja chini kidogo ya kirungu, mkono wa pili utikise kirungu. Kikicheza peke yake na fimbo imetulia, endelea na mwongozo huu. Fimbo yenyewe ikiyumba kulia na kushoto kwa sentimita kadhaa huku gia imeingia, ugonjwa uko chini. Hilux na ndugu zake wa kuendeshwa na tairi za nyuma wana bushi ndogo ya plastiki, umbo la kikombe, kwenye ncha ya chini ya fimbo. Ikimeguka, fimbo inagonga chuma kwa chuma na unakuwa unaitafuta gia. Kwenye giaboksi nyingi za aina hiyo fimbo inatoka kwa kuondoa raba, kufunika kifuniko chake kwa kitambaa, kukikandamiza chini na kukizungusha kinyume cha saa. Safisha mchanga wote kabla hujafungua, maana tundu hilo linaingia moja kwa moja kwenye giaboksi. Bushi mpya ipake grisi, rudisha. Mtu anaweza kubadilisha virungu vitatu asipone, kumbe alihitaji kibushi hicho tu.

Kukitoa bila kuumiza fimbo

Kirungu kinafunguka kinyume cha saa. Kikigoma, usikikamate kwa mikono miwili ukakisokota, kwa sababu nguvu yote inashuka kwenye pini na bushi za chini. Zungushia fimbo kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ibane hapo kwa plaizi au spana malaya, na mkono wa pili ndio uzungushe kirungu. Mpira unazuia meno ya plaizi yasikwangue fimbo.

Kama kiliwahi kutiwa supa gluu, chovya kitambaa kwenye maji yanayochemka, kifunge kwenye kirungu kwa dakika 5, rudia mara mbili tatu, kisha jaribu kikiwa bado cha moto. Gluu hiyo haipendi joto wala unyevu. Usilete kibiriti cha gesi hapo, plastiki itaondoka kabla ya gundi.

Kikitoka, sugua nyuzi za fimbo kwa brashi ya waya na petroli kidogo mpaka uone chuma. Ndani ya kirungu tumia mswaki mkavu. Thina usiipeleke karibu na plastiki.

Sasa mulika tochi ndani ya tundu. Ukiona nyuzi za chuma au shaba zilizo kali, kirungu ni kizima na kililegea kwa kukosa wa kukikaba. Ukiona nyuzi za plastiki zilizolala, au unga mweupe unadondoka, nyuzi zimekwisha. Na ukiona kikombe cha shaba kinachozunguka chenyewe ndani ya plastiki, nyuzi ni nzima ila kikombe kimebanduka. Hali hizi tatu zina dawa tatu tofauti, na kosa kubwa linalofanyika ni kuzitibu zote kwa dawa moja.

Pima uzi kabla ya kununua chochote

Toyota nyingi za manyuali za wakati huo zina uzi wa M12 × 1.25: unene wa milimita 12, na milimita 1.25 kutoka uzi mmoja hadi unaofuata, umbali unaoitwa hatua ya uzi. Usikariri lakini, kwa sababu fimbo ikishawahi kubadilishwa au kukatwa uzi upya inaweza kuwa na chochote. Nissan, Mazda na Mitsubishi za zamani mara nyingi ni M10 × 1.25, Honda ni M10 × 1.5.

Unene unapimwa kwa venia, kile kipimo chenye taya mbili, juu ya migongo ya nyuzi. M12 itasoma kati ya 11.7 na 12. Kwa hatua ya uzi, weka rula kando ya fimbo na uhesabu: nafasi 8 zikitimiza milimita 10 kamili, hatua ni 1.25.

Kama rula inakuchanganya, chukua plagi ya zamani. Plagi za injini nyingi za petroli za Toyota hizo zina uzi wa 14 × 1.25. Unene si sawa, ila hatua ni ile ile. Laza nyuzi za plagi kwenye nyuzi za fimbo, ubavu kwa ubavu, zielekeze kwenye mwanga. Zikikumbatiana bila mwanga kupenya katikati, ni 1.25. Zikikubaliana mwanzo kisha zikapandana, hatua ni nyingine.

Kuna kipimo cha pili ambacho kiko kwenye kila gereji: nati ya tairi. Nati ya tairi ya Nissan ndogo ni M12 × 1.25, hivyo inaingia kwenye fimbo ya gia ya Toyota kwa vidole. Nati ya tairi ya Toyota yenyewe ni M12 × 1.5, hiyo haiingii. Fundi anayeilazimisha kwa spana kwa sababu “zote ni za Toyota” anazifuta nyuzi za fimbo ndani ya mizunguko miwili, na hapo tatizo la kirungu linageuka tatizo la fimbo.

Kirungu kizima, nyuzi nzima: kikabe kwa nati

Hii ndiyo dawa bora, na ni ya bei ndogo. Tafuta nati nyembamba ya M12 × 1.25, unene wa milimita 6 hivi. Nati ya kawaida ya M12 ina milimita 10 na inakula nyuzi nyingi mno. Ukiikosa nyembamba, peleka ya kawaida kwa fundi wa kerezo, mashine ya kuchonga vyuma, aipunguze. Muuzaji akikupa M12 bila kutaja hatua, karibu hakika ni 1.75, ile ya bolti za kawaida. Nenda dukani na plagi yako mfukoni.

Hesabu nyuzi kwanza. Pima urefu wa sehemu yenye nyuzi kwenye fimbo, tuseme milimita 20. Toa 6 za nati, zinabaki 14, ambazo ni mizunguko 11 ya kirungu. Hiyo inatosha sana. Ikishuka chini ya mizunguko 8, usiweke nati. Nenda kwenye gundi ya nyuzi, nitaieleza chini.

Shusha nati kwenye fimbo mpaka mwisho wa nyuzi. Funga kirungu kwa mkono mpaka kigote, kisha kirudishe nyuma kidogo, usizidi mzunguko mmoja, mpaka ramani ya gia isimame sawa mbele ya dereva. Shikilia kirungu kisigeuke hata kidogo, na kwa spana nyembamba ya 17 au 19, kulingana na nati uliyopata, ipandishe nati juu mpaka ikikabe kirungu. Ukiangalia kutoka juu, nati inapanda kwa kuizungusha kinyume cha saa. Hapo ndipo watu hukosea: wanaizungusha kwa upande wa saa wakidhani wanakaza, kumbe wanaishusha na kuiachia.

Baada ya nati kugusa, ongeza sehemu ya nane ya mzunguko, basi. Kirungu cha plastiki kikibanwa zaidi ya hapo kinapasuka kwenye shingo, ufa mwembamba kama unywele unaouona tu ukikikunja kwenye mwanga. Weka washa pana ya chuma kati ya nati na plastiki ili mkandamizo usambae.

Ramani ikikataa kunyooka

Kwa wasiotaka nati kuonekana, kirungu kinaweza kugota chenyewe kwenye ncha ya fimbo, ila kinagota kinapotaka, na ramani inaangalia mlangoni. Mzunguko mzima ni milimita 1.25, kwa hiyo robo mzunguko ni milimita 0.3. Ubavu wa kopo la soda ni kama milimita 0.1. Kata kwa mkasi vijiduara vya kipenyo cha milimita 10 kutoka kwenye kopo, vilaze kabisa kwa mgongo wa kijiko, uvidondoshe ndani ya tundu la kirungu. Kila vitatu vinakifanya kigote robo mzunguko mapema. Ramani ikiwa imepitiliza robo, tia vitatu. Ikipitiliza nusu, tia sita. Vikizidi sita tafuta washa moja nene, maana rundo la vijiduara linajibonyeza kwa muda na kirungu kinalegea upya.

Gundi ya nyuzi, na mahali isipofaa

Nyuzi zikiwa chuma kwa chuma, tone moja la gundi ya nyuzi linatosha. Chukua ya zambarau, Loctite 222, au ya bluu, 243. Zote mbili zinafunguka kwa mkono na spana. Nyekundu, 271, iache dukani: kuifungua kunataka joto la nyuzijoto 250 hivi za selsiasi, ambalo kirungu hakitalihimili.

Safisha grisi kwenye fimbo, tia tone kwenye uzi wa pili na wa tatu kutoka juu, funga kirungu, nyoosha ramani, kisha usikiguse. Nguvu kamili inakuja baada ya saa 24. Anayeendesha gari baada ya nusu saa anavunja gundi ikiwa changa, halafu anasema gundi ni feki.

Gundi hii inaganda pale inapokosa hewa na ikiwa imegusa chuma. Kwenye nyuzi za plastiki inabaki maji maji, na mbaya zaidi, baadhi ya plastiki hupasuka zikilowa nayo. Kwa tundu la plastiki ambalo nyuzi zake bado zina meno, tumia tepu nyeupe ya mafundi bomba. Zungusha raundi 3 hadi 5 kwa upande wa saa ukiitazama fimbo kutoka nchani, ivute kidogo ijichore nyuzi. Ukiizungusha kinyume, kirungu kinapoingia kitaikusanya chini kama soksi iliyoteremka. Tepu ina unene wa kujaza nafasi, haigandi, na kirungu kinatoka siku yoyote.

Nyuzi za plastiki zikiisha: zitengeneze upya ndani ya kirungu

Kama kirungu ni cha asili na unakipenda, usikitupe. Unahitaji gundi ya vyuma ya mirija miwili, ile ya kijivu, na mafuta ya mgando.

Kwaruza ndani ya tundu kwa msasa mkali uliozungushiwa kijiti, kisha toboa vishimo viwili vitatu vya kina cha milimita 2 ubavuni mwa tundu kwa drili ya milimita 3. Gundi ikiingia kwenye vishimo hivyo inapata mizizi. Bila mizizi, siku moja itageuka yote pamoja na fimbo. Puliza unga utoke.

Paka mafuta ya mgando kwenye nyuzi za fimbo, kila uzi, hadi chini ya pale kirungu kitakapofika. Futa ya ziada, ubaki utando unaong'aa tu. Mafuta yakikosekana hata kwenye uzi mmoja kirungu hakitafunguka tena. Mafuta yakizidi, nyuzi mpya zinatoka na nafasi na kirungu kitacheza kama zamani.

Changanya gundi sawa kwa sawa mpaka rangi iwe moja isiyo na michirizi. Pakaza ukutani mwa tundu, ukianzia chini kabisa kwa kijiti cha meno, na ujaze theluthi moja tu. Ukijaza zaidi, hewa iliyonaswa chini itakisukuma kirungu juu wakati gundi inaganda, nawe utakuta asubuhi kimepanda milimita tatu. Geuza kirungu, kizungushe taratibu kwenye fimbo, nyoosha ramani, tazama kwa mbele na kwa ubavu kama kimesimama wima. Futa iliyochuruzika kabla haijakauka. Kifunge kwa tepu isiyogusa fimbo, uiache gari saa 24.

Siku ya pili kifungue. Kitagoma robo mzunguko wa kwanza kwa mlio mdogo wa kupasuka, kisha kitalegea na kutoka vizuri. Ndani utaona nyuzi za kijivu, safi kama za kiwandani. Safisha mafuta, rudisha na nati ya kukaba au tepu.

Kwa Land Cruiser au Hiace ya abiria inayobadilishiwa gia siku nzima, kuna njia ngumu zaidi: zika nati ya chuma ndani ya kirungu. Panua tundu kwa drili, saga pembe za nati kwa tupa mpaka iingie kwa kugongwa kidogo kwa mti, iwekee gundi ile ile pembeni, na ifungie kirungu kwenye fimbo iliyopakwa mafuta wakati gundi inaganda ili inyooke na fimbo. Usiache pembe zote zisagike zikawa duara. Bapa zake ndizo zinazoizuia isizunguke.

Kikombe cha shaba kilichobanduka hakihitaji haya yote. Kivute nje, ukwaruze mgongo wake kwa msumeno wa chuma, mistari minne ya kusimama, rudisha na gundi ya vyuma. Ikibidi, toboa tundu la milimita 3 kutoka ubavuni mpaka kwenye shaba, chini ambako kiganja hakifiki, utie pini.

Fimbo ikiwa ndiyo imekwisha

Nyuzi zilizopinda tu zinanyooshwa kwa dai (kifaa cha kukatia uzi) ya M12 × 1.25 na mafuta kidogo: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili chuma kilichokatwa kidondoke. Zilizofutika kabisa zinataka fimbo itolewe ipelekwe kwa fundi wa kerezo, aikate uzi mdogo wa M10, au achomelee ncha mpya. Usikubali ichomelewe ikiwa ndani ya gari. Baadhi ya fimbo zina raba katikati ya vyuma viwili ya kupunguza mtetemo, na chini kuna bushi za plastiki. Joto linaziyeyusha kabla moto haujaonekana popote, bila kutaja zulia na viti.

Baadhi ya Golf na Polo hazina uzi hapo: kirungu kinachomekwa na kubanwa kwa klipu chini ya raba. Ukikizungusha unaharibu. Inua raba, kata klipu iliyochoka, weka klipu ndogo ya paipu ya kukaza kwa bisibisi. Malori yenye kitufe cha hewa kwenye kirungu nayo usiyazungushe, utasokota paipu za hewa zilizopita ndani ya fimbo.

Kazi ikiisha, chora mstari mmoja mwembamba wa rangi ya kucha unaovuka kutoka kwenye kirungu hadi kwenye nati au fimbo. Utazame baada ya wiki, na tena baada ya mwezi. Mstari ukiwa umekatika katikati, hata kwa upana wa uzi wa nguo, kirungu kimeanza safari. Fungua ukaze upya siku hiyo, kabla ramani haijakaa upande.